Bomu, Mionzi na Hofu Yetu



Kila tunapozungumza juu ya amani katika jumuiya zetu, swali moja hurudi: je, magaidi wanaweza kutulipua kwa bomu kama lile la Hiroshima? Kabla ya kujibu, tutazame kwanza nishati yenyewe.

Kilo moja ya petroli hubeba nishati takriban mara kumi ya kilo moja ya baruti kali iitwayo TNT. Lakini petroli huungua kadiri ipatavyo hewa, hali baruti hutoa nishati yake yote kufumba na kufumbua. Urani ni jambo la namna nyingine kabisa. Humo kinachopasuka ni kiini cha atomu, na kila kipasukapo hurusha chembe zinazopasua viini vingine. Bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, lilikuwa na urani kilo 64 hivi. Iliyopasuka haikufika kilo moja, nayo ilifanya kazi ya tani 15,000 za TNT. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa jasho la Wakongo.

Hata hivyo, katika kila atomu 1,000 za urani itokayo ardhini, ni 7 tu zifaazo kwa bomu. Kuzitenga kunadai viwanda, umeme mwingi na miaka. Kundi lililojificha haliwezi kufanya kazi hiyo; lingelazimika kuiba urani iliyokwisha kutengwa na serikali. Ndiyo maana akiba za mataifa makubwa zinatuhusu hata sisi tusio na silaha hizo.

Lililo rahisi zaidi ni kufunga baruti ya kawaida pamoja na vitu vyenye mionzi vya hospitali au kiwanda. Mlipuko huwa ni ule ule wa baruti, ila vumbi lenye mionzi husambaa. Athari za vumbi hilo zilionekana Goiânia, Brazil, Septemba 1987, wala hapakuwa na gaidi. Watu wawili waliokota vyuma katika kliniki iliyoachwa, wakaviuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na sesiamu, gramu 93 tu. Usiku iling'aa rangi ya samawati. Jamaa na majirani wakagawiana kama zawadi. Mke wa mnunuzi, alipoona watu wanaugua, alishuku kitu kile, akakipeleka kwa basi hadi ofisi ya afya. Aliokoa wengi, yeye mwenyewe akafa. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka sita. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, wengi wao katika uwanja wa mpira, na 249 wakakutwa na uchafu huo. Siku ya mazishi ya mtoto yule, umati ulikuja kuzuia asizikwe makaburini, ukarusha mawe.

Ndugu, aliyepigwa na mionzi ya namna ile kutoka nje haambukizi. Mwenye vumbi mwilini huvua nguo, huoga na kupimwa, na wanaomhudumia hujikinga lisiwapate. Katika parokia zetu wamo vijana wanaoishi kwa vyuma chakavu. Waonyesheni alama ya mapanga matatu yaliyozunguka duara dogo, mara nyingi juu ya rangi ya njano. Wakiiona juu ya chuma chochote, wasikivunje wala kukibeba. Wajitenge nacho na kuita serikali.