Misuli Ikiuma Baada ya Mazoezi: Kidonge Si Jibu la Kwanza

(Sehemu ya mazungumzo ya mhudumu wa afya na kamati za parokia na viongozi wa vikundi vya mazoezi, Amani, Unguja)

Mmeniomba nieleze nini kiwekwe katika sanduku la huduma ya kwanza la timu. Nitaanza na kitu ambacho vijana hukiulizia mapema kuliko vyote: diklofenaki.

Sisi wa Amani ni majirani wa uwanja. Mara nyingi tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi huja kwa matembezi hadi Uwanja wa Amaan, na yule aliyekaa mwaka mzima bila kukimbia naye hujitosa. Keshokutwa yake kushuka ngazi ni shida. Hapo ndipo safari ya duka la dawa huanza.

Maumivu haya yanatoka wapi? Wengi husema ni asidi iliyobaki misulini. Sivyo, asidi hiyo huondoka muda mfupi tu baada ya mazoezi. Mazoezi makali, au ambayo mwili haujayazoea, hujeruhi nyuzi ndogondogo za misuli. Mwili hupeleka chembe za ulinzi kusafisha pale palipoumia na kupajenga upya. Maumivu huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua yenyewe. Kwa hiyo uvimbe ule mdogo ni sehemu ya matengenezo.

Sasa tuitazame dawa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Jambo hili lilielezwa mwaka 1971 na Mwingereza John Vane, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Kemikali hizo huleta maumivu, lakini pia hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ukizizuia, unapunguza maumivu na ulinzi kwa pamoja.

Je, misuli hupona haraka zaidi? Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya vijana waliofanya mazoezi ya kuimarisha misuli kwa wiki 8. Waliomeza miligramu 1,200 za ibuprofeni kila siku, misuli yao ya paja iliongezeka karibu nusu tu ya ongezeko la wenzao waliopewa aspirini kidogo sana. Kijana anayetafuta nguvu kwa kumeza vidonge kila siku anaweza kuwa anajipunguzia nguvu hizo.

Hatari ya figo ni kubwa zaidi pale mtu anapotoka jasho jingi bila kunywa maji. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2017, wa wakimbiaji wa mbio ndefu sana, dalili za figo kuumia zilionekana kwa watu 52 katika kila 100 waliotumia ibuprofeni, na 34 katika kila 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini ni onyo tosha kwetu tunaocheza katika joto la Unguja. Wanaocheza jioni wakiwa wamefunga hawana maji mwilini wala chakula tumboni. Kwao tahadhari iwe maradufu.

Tusidhani hili ni la timu za mitaani tu. Katika Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini, karibu wachezaji wanne katika kila kumi walitumia dawa za maumivu kabla ya kila mechi.

Sisemi dawa hizi ni mbaya. Daktari akikuandikia kwa kifundo kilichoteguka au kwa baridi yabisi, zina kazi yake. Lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu, na mama mjamzito, asijinunulie. Na mwili ukiuma pamoja na homa, usiseme ni mazoezi, nenda ukapimwe. Ikiwa ni dengi, ibuprofeni, aspirini na diklofenaki zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu.

Basi sandukuni wekeni bendeji, pamba na dawa ya kusafishia vidonda. Pembeni pawe na ndoo ya maji safi ya kunywa na chombo cha barafu. Vijana wapashe misuli moto, waongeze mazoezi kidogo kidogo, walale vya kutosha, na siku ya maumivu watembee taratibu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai nzito, au misuli ikivimba sana, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu wafadhili, mchango wa maji na barafu hauonekani mkubwa katika taarifa ya mwaka. Lakini figo ikishakufa, kusafisha damu ni gharama isiyobebeka kwa familia nyingi, na hudumu maisha yote. Naomba kamati zikubaliane leo: asiwepo kiongozi wa timu anayegawa vidonge hivi uwanjani.