Kengele ya Wezi na Waya wa Simu

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: kengele, waya, jirani. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha tuendelee.

Ninyi mnaokaa Lushoto, Soni, Mlalo au Bumbuli mnajua jinsi nyumba za milimani zilivyokaa. Moja iko juu ya kilima, ya pili iko ng'ambo ya bonde. Tangu zamani mtu akivamiwa hupiga yowe, na watu wa ng'ambo huitikia. Yowe ni jambo jema, nami silidharau. Lakini usiku wa mvua, ukungu umejaa bondeni na mabati yanapiga kelele, yowe halifiki mbali. Tena nyumba isiyo na mtu haipigi yowe. Wako watu wengi wa Usambara wanaofanya kazi Tanga au Dar es Salaam, na nyumba zao huku zinalindwa na kufuli tu.

Basi leo nitaeleza jinsi kengele ya wezi inavyounganishwa na simu, ili nyumba ijiitie watu yenyewe.

Jambo hili si geni. Huko Boston, Marekani, bwana mmoja aitwaye Edwin Holmes alikuwa na nyaya za kengele za wezi zilizotoka katika mabenki mpaka ofisini kwake. Mwaka 1877, mwaka mmoja tu baada ya Alexander Graham Bell kupewa hati ya uvumbuzi wa simu, nyaya zilezile zilifungwa simu. Mchana watu walizungumza kwa nyaya hizo, na usiku zililinda mabenki. Huko simu ilipanda mgongoni kwa kengele. Sisi twafanya kinyume chake.

Sasa tuingie nyumbani. Mlangoni pana vipande viwili vidogo, kimoja katika ubao wa mlango, cha pili katika fremu. Kimoja ni sumaku. Mlango ukifunguliwa, vipande huachana, na sanduku la kengele hupata habari. Sanduku hilo huliza king'ora, kisha hupiga simu kwa namba ulizoliwekea na kusema maneno uliyorekodi. Rekodi kwa sauti yako mwenyewe, Kiswahili au Kisambaa, maneno machache: nyumba ni ya nani, iko wapi, mwizi ameingia. Usianze kwa kuulizana habari za watoto.

Simu ya mezani huingia nyumbani kwa nyaya mbili kutoka katika nguzo. Hapa sikilizeni sana, maana ndipo mafundi wengi wanapokosea. Fundi mvivu huunganisha kengele mahali popote penye waya wa simu, ubavuni mwa simu nyingine. Siku ya kujaribu, kengele inapiga vizuri, naye analipwa na kwenda zake. Lakini mwizi akiingia na kuuinua mkonga wa simu ya sebuleni, akauweka mezani, waya umekwisha shikwa. Kengele haiwezi kumpigia mtu yeyote. Mwizi ameifunga mdomo kwa mkono mmoja.

Fikirini mfereji wa maji mashambani. Mwenye shamba la juu, karibu na banio, ndiye anayeweza kuyageuza maji yote yaende kwake. Wa chini hupata yanayobaki. Basi kengele iwekwe kwenye shamba la juu. Nyaya mbili zitokazo katika nguzo ziingie kwanza katika sanduku la kengele. Kutoka humo zitoke nyaya nyingine mbili, ndizo ziende kwenye simu za nyumbani. Jumla ni nyaya nne: mbili za kuingia, mbili za kutoka. Ndani ya sanduku mna swichi inayojivuta kwa umeme, mafundi huiita relei. Siku za amani relei huyaacha mazungumzo yapite, na hata hutambui kama ipo. Siku ya mwizi huzikata simu zote za nyumbani na kuushika waya wa nje peke yake. Hapo mwizi akiinua mkonga, anasikia kimya.

Kuijaribu kazi ya fundi si vigumu. Mwambie jirani kwanza, asije akatoka na panga. Washa kengele, uinue mkonga wa simu ya sebuleni, kisha fungua mlango. Simu ya jirani ikilia, mlipe fundi. Isipolia, nyaya zimefungwa vibaya.

Waya wa simu nao una umeme wake, kiasi cha volti 48, unaotoka katika kituo cha simu. Ndiyo maana simu ya waya wa shaba huweza kulia hata umeme wa TANESCO ukikatika. Simu inapolia, umeme huo hupanda kupita volti 70, na huweza kukutia mshtuko. Sanduku la kengele lenyewe linahitaji betri yake, maana wezi nao hupenda usiku wa giza. Na kwa kuwa milima yetu ina radi, mwambie fundi aweke kinga ya radi yenye waya wa ethi uendao ardhini. Mawingu yakinguruma, asiguse kitu. Waya wa nje upitishwe juu, ndani ya bomba, maana mwizi mwenye mkasi akiukata, king'ora peke yake ndicho kitakachobaki kikipiga kelele.

Siku hizi simu za mezani zimebaki chache, na masanduku mengi ya kengele hutumia laini ya simu ya mkononi. Hapo habari ya nyaya nne inakwisha, lakini mengine yanakuja. Laini isajiliwe kwa alama za vidole za mwenye nyumba, iwe na salio, na sanduku likae mahali penye mtandao. Bondeni hapa na pale mtandao haufiki, ninyi mwajua.

Sasa namba. Mwenye nyumba akiwa Dar es Salaam, hutaka simu ya kwanza ipigwe kwake, kwa kuwa mali ni yake. Namwelewa, lakini anakosea. Hata akipanda gari saa ileile, hajafika Mombo mwizi amekwisha kwenda na mali, na bado ana mlima wa kupanda kupitia Soni. Namba ya kwanza iwe ya jirani awezaye kufika kwa miguu. Ya pili iwe ya jirani mwingine, maana wa kwanza huenda yuko msibani. Yako wewe iwe ya tatu. Polisi hupigiwa 112, lakini usiiweke namba hiyo katika sanduku kabla hujaenda kituoni kuuliza kama wanakubali kupigiwa na mashine.

Wala usimwachie fundi aandike namba hizo peke yake. Namba ya simu ya mkononi ina tarakimu kumi, nayo huanza na sifuri. Ya mezani katika Mkoa wa Tanga huanza na 027, nayo ni tarakimu kumi pia. Tarakimu moja ikikosewa, sanduku litamwamsha mtu usiyemjua huko Mwanza, akasirike, akalale tena.

Basi chukueni kalamu. Kila mmoja aandike namba ya jirani yake, kisha ampe mwenzake karatasi aisome kwa sauti, tarakimu moja moja. Mwalimu ahesabu. Asiyefika kumi aandike upya.