Saketi na Kemia Kwenye Skrini
Maigizo ya kompyuta ya PhET, yaani programu zinazomwezesha mwanafunzi kubadili vipimo na kuona matokeo papo hapo, yalianzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, na mengi yakishapakuliwa hutumika bila intaneti, jambo lenye uzito kwa shule za Ndanda, Masasi na Newala, mkoani Mtwara, Tanzania. Humo hujengwa saketi, yaani njia kamili ya mkondo wa umeme, na husawazishwa milinganyo ya kikemia, ukiwamo wa kuungua kwa methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi ya Mnazi Bay inayozalisha umeme Mtwara. Baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili, ingawa mtihani wa sekondari nchini hufanywa kwa Kiingereza. Hata hivyo, skrini haitoi harufu: ile ya gesi ya amonia mwanafunzi huinusa maabarani, si kwenye igizo.