Mwenye Kete Moja: Mahakamani au Hospitalini?



Mwishoni mwa miaka ya 1990, Ureno ilikuwa na watu wapatao milioni 10, na inakadiriwa kuwa mmoja kati ya kila 100 alikuwa ametopea katika heroini. Mahakama zilihukumu, lakini VVU viliendelea kuenea kwa njia ya sindano. Mraibu alimkwepa daktari kwa kumwogopa askari.

Tarehe 1 Julai 2001 sheria mpya ilianza kutumika. Kukutwa na dawa za kulevya zisizozidi matumizi ya siku 10 kulibaki kuwa kosa, ila si la jinai tena. Mhusika hufikishwa mbele ya tume ya watu watatu, yenye uwezo wa kumtoza faini au kumwelekeza kwenye tiba. Muuzaji aliendelea kufungwa. Sambamba na hayo, serikali ilipanua huduma ya methadoni na ugawaji wa sindano safi. Maambukizi mapya yaliyogunduliwa kwa wanaojidunga, yaliyozidi 1,000 mwaka 2001, yalishuka chini ya 100 kufikia mwaka 2012.

Jimbo la Oregon, Marekani, lilifuata njia hiyo Februari 2021. Aliyekamatwa alitozwa faini ya dola 100, iliyoweza kufutwa kwa kupiga simu na kupimwa hali yake ya kiafya. Waliopiga walikuwa wachache mno. Fedha za tiba zilichelewa, huku fentanili ikisambaa mitaani. Septemba 2024, kosa la jinai likarejeshwa.

Funzo ni kwamba kulegeza adhabu hakuponyi mtu. Kinachoponya ni tiba iliyo karibu, na mtu wa kumfikisha mgonjwa huko.

Nchini Tanzania, kukutwa na dawa za kulevya kungali kosa la jinai. Hata hivyo, tiba haikungoja sheria ibadilike: Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na huduma hiyo imekwisha kufika katika mikoa mingine. Dawa hutolewa bure, lakini kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Anayekosa nauli hukosa dozi, na anayekosa dozi hurudi kwenye kete.

Basi, katika mkutano wa kata, pamoja na kuuliza ni wangapi wamekamatwa, inafaa iulizwe: kituo cha tiba kiko umbali gani, na mzazi anayemficha mwanawe ndani amwone nani ili amfikishe huko bila hofu?