Basi la Manjano Gitothua

Alfajiri hapa Gitothua, mjini Ruiru, basi la manjano la shule ya kibinafsi humpita mtoto wa shule ya umma akitembea, viatu vimejaa tope. Wote wawili mtihani wao ni mmoja. Serikali ilifuta karo ya msingi mwaka 2003, na baadaye mgao ukafika shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa bei za Ruiru, hizo ni sare na viatu, tena vya mtumba! Ploti zimeota ghorofa za kupangisha, madarasa hayakuota. Halafu alama zikishuka, wa kulaumiwa ni mwalimu. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikwisha 2023, pengo likabaki. Mheshimiwa mbunge, pesa za hazina ya maeneo bunge, CDF, hujenga madarasa. Anzia Gitothua.