Injini ya Kisiagi Nayo Hupumua

(Mazungumzo na wanakamati na waendeshaji wa visiagi vya vikundi, Masii)

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya swali ambalo limetufikia kutoka kwa vikundi ambavyo bado vinasaga kwa injini ya dizeli. Swali lenyewe ni hili: ule moshi na oili inayotoka ubavuni mwa injini, katika kile kibomba ambacho mafundi wanakiita brida, je, hatuwezi kukiunganisha na ekzosi ili uchafu wote utoke njia moja? Kuna fundi aliyewaambia watu kwamba wenye ndege hufanya hivyo. Na kama ndege inaweza, kisiagi kitashindwa na nini?

Sisi si mafundi wa injini. Kazi yetu ni maendeleo ya jamii. Lakini pesa za mwethya zikishaingia ndani ya injini, inatubidi nasi tujue injini inazifanyia nini. Kwa hivyo tumeuliza, tumesoma, tena tumesimama kando ya mashine mpaka nguo zikanuka dizeli. Fundi huyo hakusema uongo. Jambo hilo hufanywa kwenye ndege. Ila hakuwaeleza yote, na yale aliyoyaacha ndiyo yanayoweza kuwamalizia akiba.

Tuanze na tumbo la injini. Chini ya silinda kuna kasha la chuma. Humo ndimo kranki inazunguka na ndimo oili inakaa. Watu wengi hudhani kasha hilo lina oili peke yake. Lina hewa pia. Pistoni ikishuka inaibana hewa hiyo, ikipanda inaivuta. Chukueni mfano wa injini za jamii ya Lister CS, zile zenye magurudumu makubwa mazito, ambazo zilianza kutengenezwa Dursley, Uingereza, mwaka 1929, na baadaye zikaigwa sana kule Rajkot, India. Ile ya nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 kwa dakika, na kila pistoni inaposhuka inasukuma hewa karibu lita moja na nusu. Hebu fikirieni pumzi kubwa namna hiyo, mara 650 kwa dakika, ndani ya kasha lisilo na tundu. Itatafuta pa kutokea. Itapenya penye gasketi, itapenya penye sili ya kranki, na itatoka na oili yenu.

Juu ya hewa hiyo kuna moshi. Ringi za pistoni hazizibi kabisa, hata injini ikiwa mpya. Dizeli inapoungua, sehemu kidogo ya moshi hupenya kando ya ringi ikaingia tumboni. Moshi huo una masizi, una asidi, na una mvuke wa maji. Ndiyo, maji! Lita moja ya dizeli ikiungua huzaa maji karibu lita moja, ingawa mengi hutokea kwa ekzosi bila mtu kuyaona. Hayo machache yanayobaki tumboni, yakichanganyika na masizi, huigeuza oili ikawa kama uji mweusi.

Ndiyo sababu waliobuni injini wakaiwekea brida. Ni pua ya kutolea pumzi. Katika Lister, ndani ya pua hiyo kuna kipande chembamba cha chuma ambacho kinafanya kazi kama kifuniko. Pistoni ikishuka kinafunguka, pumzi inatoka. Pistoni ikipanda kinajifunga, hewa ya nje isirudi. Matokeo yake ni kwamba hewa ya ndani inakuwa pungufu kidogo kuliko ya nje, na oili iliyotaka kuvuja inavutwa kubaki ndani. Tumeona injini zilizong'olewa kipande hicho kwa kudhaniwa ni takataka, halafu watu wanashangaa mbona mashine inatoa machozi ya oili kwa kila kiungo.

Sasa tuje kwa ndege. Marekani kuna maelfu ya watu wanaojijengea ndege ndogo nyumbani, na chama chao, Experimental Aircraft Association, kilianzishwa mwaka 1953. Hata hapa Kenya tumesikia habari za Gabriel Nderitu wa Nyeri aliyejaribu kujenga ndege zake mwenyewe. Katika ndege ndogo, bomba la brida kwa kawaida hutokea chini, na oili inapaka tumbo lote la ndege. Kuisugua ni kazi. Basi wengine huchomelea kibomba ndani ya ekzosi. Mdomo wa kibomba hicho hukatwa mshazari, ukaelekezwa kule moshi unakokwenda, si kule unakotoka. Moshi ukipita kwa kasi unaivuta pumzi ya brida, nayo oili ikifika penye joto lile inaungua. Katikati ya njia huwekwa valvu ya kuruhusu kwenda bila kurudi. Wenye magari ya mashindano nao wameitumia hila hiyo kwa miaka mingi.

Lakini wenye ndege hao wanaijua hatari yake. Oili inayoungua mdomoni mwa kibomba huacha mkaa mgumu. Mkaa unajijenga kidogo kidogo mpaka tundu linabaki jembamba kama la sindano. Brida ikiziba, msukumo tumboni unapanda, ile sili ya mbele ya injini inasukumwa nje, na oili inamwagika yote kwa muda mfupi. Injini bila oili mnajua mwisho wake, na huko juu hakuna pa kuegesha kando ya barabara. Ndiyo maana mwenye ndege mwangalifu hufungua valvu na kibomba akavisafisha kila anapobadilisha oili. Na wale wanaoacha brida itokee nje tu hutoboa tundu dogo mahali pa juu zaidi kwenye bomba, ili mvuke ukiganda barafu mdomoni, injini iwe na pua ya pili.

Linganisheni na kisiagi chenu. Ekzosi ya ndege nyingi za namna ile ni fupi na moshi wake unatoka wazi. Ya kisiagi ina kopo la kupunguza kelele, halafu bomba refu linalopenya ukuta, tena na kona mbili tatu alizoweka fundi ili akwepe mabati. Moshi humo umebanwa. Mahali palipobanwa hapavuti, panasukuma. Ukiunganisha brida hapo, injini haitatoa pumzi, itarudishiwa moshi wake yenyewe tumboni. Utasema tuweke valvu. Sawa, lakini injini ya dizeli iliyochakaa ina masizi mengi, na valvu hiyo itakwama. Nani ataisafisha? Rubani anajua kwamba uhai wake umo humo. Kijana wa kisiagi ana foleni ya madebe mpaka mlangoni.

Na wapo wanaoshauri kwamba basi brida ipelekwe kwenye filta ya hewa, injini iule moshi wake. Kwenye magari hilo hufanywa kiwandani, kwa mpango na vipimo. Kwenye dizeli kuukuu, tunawaomba sana msijaribu. Oili ikiwa nyingi katika pumzi hiyo inageuka kuwa mafuta ya kuendeshea. Injini inaanza kwenda mbio peke yake, unafunga dizeli na haizimi, kwa sababu inakula oili yake. Ikifika hapo, dawa ni kuinyima hewa: ubao mzito au sahani ya chuma kwenye mdomo wa hewa, wala si mkono wako. Wengine wote watoke nje.

Sasa tuseme jambo ambalo ndilo lililotufanya tulichukulie swali hili kwa uzito. Katika kikundi kimoja tulichokitembelea, oili ilikuwa inaisha upesi. Kila wiki wanaongeza, kila wiki kijiti cha kupimia kinaonyesha chini. Kamati ikaanza kunong'ona kwamba kijana anayeendesha mashine anaiuza kwa wenye pikipiki. Barua ya kumfukuza ilikuwa imeshaandikwa. Tukaomba jambo moja tu, kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia, tukalitundika chini ya brida kwa siku sita za kusaga, na mweka hazina akatunza ufunguo wa chumba. Siku ya sita kopo lilikuwa na oili nyeusi karibu sawa na ile waliyokuwa wanaongeza. Zamani ilikuwa ikimwagika ukutani na kunywewa na mchanga, na kwa vile ukuta ulikuwa mweusi tangu hapo, hakuna aliyeuangalia. Barua ilichanwa. Mama mmoja wa kamati alimwambia kijana, "Mwanangu, tuwie radhi," mbele ya wote, na tuliona hilo ni tendo kubwa, maana si rahisi.

Kwa hivyo, kabla ya bomba lolote, pimeni. Tundikeni kopo, andikeni katika daftari la mashine oili iliyoongezwa na oili iliyotoka, pamoja na saa za kusaga. Halafu mfanyieni injini jaribio hili. Ikiwa imepata moto na inazunguka polepole, fungueni kifuniko cha kutilia oili, mlaze kipande cha gazeti juu ya tundu. (Ile mifuko ya nailoni tuliyokuwa tukiitumia kwa kila kitu ilipigwa marufuku mwaka 2017, na gazeti linatosha.) Karatasi ikivutwa na kukaa, brida na ringi ziko katika hali nzuri. Ikirushwa juu na moshi ukafuata, kuna kasoro. Angalieni kwanza brida, maana ni rahisi: huenda kile kipande cha ndani kimekwama au kimepotea. Ioshwe kwa dizeli, ikaushwe, irudishwe. Kama karatasi bado inarushwa, ringi au silinda zimechakaa, na bomba lolote mtakaloongeza litahamisha uchafu tu. Hapo pesa zipelekwe kwenye ringi. Tafadhalini, hapo penye tundu la oili pasiwe na kiberiti wala sigara, mvuke ule unaweza kuwaka.

Ikiwa injini ni nzima na shida yenu ni moshi chumbani, basi pumzi ya brida itolewe nje, lakini kwa njia yake yenyewe. Shida hiyo si ndogo. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani, na kijana wenu anauvuta saa nyingi kwa siku. Unga nao hunusa oili, hilo wateja watawaambia kabla yetu.

Tumieni mpira unaostahimili oili na joto. Mpira wa maji ya shamba unalainika, unajibana, na hapo mmeziba pua ya injini kwa mikono yenu wenyewe. Upana wake usiwe chini ya upana wa mdomo wa brida. Uteremke mfululizo mpaka nje, usiwe na bonde katikati, maana maji hutulia bondeni yakawa kizibo. Mwisho wake uishie juu ya kopo, usizame ndani ya oili iliyokusanyika. Mdomoni mfunge wavu wa waya wenye matundu ya wastani. Wale nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda sana mabomba ya namna hii, na wiki moja ya mashine kusimama inawatosha. Wavu wa matundu madogo sana nao hushika masizi ukaziba, kwa hivyo usafishwe kila mnapobadilisha oili. Na mwelekeze bomba upande ambao akina mama hawapangi foleni.

Ikiwa mtu ameshawachomelea brida kwenye ekzosi, msingoje. Iondoeni, mtazame mkaa uliomo ndani ya kibomba, mbadilishe oili, halafu mfanye lile jaribio la gazeti.

Oili ya kopo isirudishwe ndani ya injini hata ikionekana bado nzito, ina maji na asidi ndani yake. Isimwagwe karibu na kisima wala kwenye mchanga wa mto, kule tunakochimba maji wakati wa kiangazi. Waendeshaji wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa unga, maana oili iliyotumika inadhuru ngozi.

Tunayo makopo matatu yaliyotiwa alama za lita na nusu lita, na tutayaazima kwa wiki moja moja. Kikundi kinachotaka kiache jina kwa karani wa ofisi yetu, pamoja na aina ya injini na mara ngapi sili imebadilishwa tangu mwaka jana. Tutaanza na wale ambao sili imewatoka zaidi ya mara moja.