Asemaye "Tupigane" Ajiulize Atabeba Mzigo Upi

Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana mjini Singida



Nimeombwa kusema juu ya swali ambalo vijana hubishana sana: je, mtu anayeunga mkono vita ni lazima awe tayari kupigana mwenyewe? Wako wasemao kwamba asiye tayari kushika bunduki na anyamaze. Wako wengine wasemao kwamba jeshi lina wenyewe, na kila mwananchi ana kazi yake. Kwa maoni yangu kila upande umeshika nusu ya ukweli, na katika jambo la vita nusu ya ukweli ni hatari.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Uwanja wa mpira wa mji huu unaitwa Liti. Jina hilo ni la Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu ambaye, kwa masimulizi ya wazee wetu, aliwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na silaha yake ilikuwa nyuki. Katika masimulizi hayo Liti hakuwatuma wenzake vitani huku yeye akibaki nyumbani. Alisimama mbele, na mwishowe akauawa. Aliyeamua kupigana ndiye aliyelipa.

Sasa tazameni vita vilivyofuata, vya mwaka 1914 hadi 1918. Vita vile viliamuliwa Ulaya na kushangiliwa Ulaya, lakini katika nchi yetu waliobeba risasi na vyakula vya majeshi yote mawili, la Wajerumani na la Waingereza, walikuwa wakulima wa Kiafrika waliokamatwa mashambani mwao. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi njiani. Majirani zetu wa Ugogo walinyang'anywa ng'ombe na nafaka, na vita vilipokwisha wakabaki na njaa kubwa waliyoiita Mtunya. Hapa walioamua walikuwa mbali, na waliolipa hawakuulizwa lolote. Hiyo ndiyo dhuluma ya vita kwa sura yake kamili, na ndiyo inayotufanya tuulize swali la leo.

Ndugu zangu, baina ya mifano hiyo miwili tunayo vita yetu wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya nduli Idi Amin yaliingia Kagera, yakateka ardhi ya kaskazini ya mto, yakaua raia, yakapora mifugo, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilihutubia Taifa akasema kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Nchi nzima iliunga mkono. Lakini uungaji mkono ule haukuishia kwenye makofi. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilikua hata likapita 150,000, na kati yao wanamgambo walikuwa karibu 40,000, watu waliotoka kwenye jembe na viwanda. Wananchi walitoa ng'ombe, chakula na fedha. Malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda kubeba askari. Kampala ilikombolewa Aprili 1979, na vita vikamalizika mwezi Juni mwaka huo.

Kisha hesabu ikaletwa. Mwalimu aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wazee waliomo humu wanajua kwamba dhiki ile ilipita miezi 18. Ilikuwa ni foleni za sabuni, sukari na unga, na maduka yenye rafu tupu. Vita havikuwa chanzo pekee cha dhiki hiyo, maana bei ya mafuta ilipanda na mazao yetu yakakosa bei, lakini sehemu yake ilikuwa kubwa. Basi mtu aliyesema "tumpige" mwaka 1978 alilipa, hata kama hakuvuka mto Kagera. Hata hivyo tusidanganyane. Mwenye kukosa sukari na mwenye kuzikwa Kaboya, kule Muleba, hawakulipa bei moja.

Hapo ndipo hoja ya upande wa kwanza inapopata nguvu. Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Anayepiga kelele za vita akijua kwamba kilio kitakwenda kwa jirani, huyo si mzalendo. Ni mfanyabiashara anayenunua kwa fedha za mwenzake.

Lakini hoja hiyo tukiivuta mpaka mwisho wake inatupeleka pabaya. Tukisema asiyeweza kupigana asiseme, tumemnyamazisha mzee wa miaka 70, mama anayenyonyesha na mlemavu, nao ndio watakaokuwa wa kwanza kuteseka adui akiingia. Mwaka 1978 wananchi wa Kagera waliokimbia makwao walikuwa na haki kamili ya kutaka adui afukuzwe, wawe na bunduki au wasiwe nazo. Na iko hatari nyingine. Nchi ambamo mwenye bunduki peke yake ndiye mwenye kauli juu ya vita ni nchi ya utawala wa kijeshi, na Uganda ya Amin ilikuwa hivyo hivyo. Sisi tulionja kidogo Januari 1964, askari wa jeshi tulilolirithi kwa mkoloni walipoasi. Jeshi jipya lililoundwa baadaye mwaka huo lilikuwa jeshi la wananchi, chini ya uongozi wa raia. Kanuni hiyo haina budi kulindwa: uamuzi wa vita ni wa Taifa zima.

Basi tupime vipi? Mimi napendekeza vipimo vitatu.

Cha kwanza ni utayari. Si lazima kila anayeunga mkono vita aende mstari wa mbele, bali asiyatafute maficho zamu yake ikifika, wala asimtafutie maficho mwanawe. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga sheria ya kuwatia wasomi katika Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwarudisha makwao karibu 400, lakini papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu anaweza kuiona adhabu ile kuwa kali, lakini hawezi kusema kwamba kiongozi alidai kwa wengine asichokidai kwake mwenyewe. Vivyo hivyo mwaka 2013, mafunzo ya JKT kwa vijana waliomaliza kidato cha sita yaliporejeshwa baada ya kusitishwa mwaka 1994, baadhi ya wabunge nao waliingia makambini. Huo ni mfano mwema, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kipimo cha pili ni usawa. Siku hizi jeshi letu ni la kujitolea, na wengi wetu tunaweza kuunga mkono operesheni fulani pasipo kulala hata usiku mmoja kwa wasiwasi. Tarehe 7 Desemba 2017 wanajeshi wetu 14 waliokuwa wakilinda amani waliuawa Semuliki, mashariki ya Kongo. Walikwenda kwa jina letu sote. Kila tunapowatuma, tujiulize: je, ningekuwa na mtoto katika kikosi kile, ningesema hivi ninavyosema sasa? Asiyeweza kujibu ndiyo, hajaunga mkono vita. Ameunga mkono habari za redioni.

Kipimo cha tatu ni kumbukumbu, nacho ndicho tunachoshindwa mara nyingi. Kuunga mkono vita hakwishi siku ya gwaride la ushindi. Mgambo aliyerudi bila mguu mwaka 1979, kama yu hai, leo ni mzee. Mjane aliyelea watoto peke yake ni bibi. Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa kwa mashada ya maua, na ni vyema. Lakini shada hunyauka kwa juma moja. Nani kijijini kwenu anajua kama mzee huyo anapata matibabu? Nani amemsaidia kufuatilia haki yake ofisini bila kuzungushwa?

Ndugu vijana, msiogope kusema kwamba vita fulani ni vya haki; vya Kagera vilikuwa vya haki. Wala msione haya kusema kwamba vita fulani havifai. Kusema hivyo si woga. Ila kabla hamjatamka neno "tupigane", itajeni na sehemu yenu: kama ni kwenda, kama ni kutoa, kama ni kuwatunza watakaorudi na watoto wa wasiorudi. Na kwa kuwa vita vya Kagera vilikwisha zamani na deni lake halijaisha, kazi ya kuanzia ipo. Mkitoka humu, kila mmoja arudi katani kwake, awaulize wazee ni nani alikwenda Uganda, kisha aende akabishe hodi.